Hilux Vigo D-4D haiwaki: je, kweli ni kontroli boksi?

Hilux Vigo za dizeli (D-4D), zile za kuanzia 2004 hadi 2015 zenye injini ya 2KD ya cc 2494 au 1KD ya cc 2982, zimefika umri ambao nyaya zimekauka, mpira wa kioo cha mbele umeachia, na mafundi kadhaa wamekwishakata na kuunga waya humo ndani kila mmoja kwa rangi aliyokuwa nayo mfukoni. Gari likigoma kuwaka, gereji nyingi hutoa hukumu moja tu: "Kontroli boksi limekufa, bosi," yaani kompyuta ya injini. Mara nyingi si kweli. Na pale ambapo ni kweli, boksi halikufa lenyewe. Kuna kitu kimeliua, na usipokiondoa kitaliua na hilo utakalonunua.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili. Boksi tutalifikia mwishoni, kama bado linastahili kushtakiwa.

Unahitaji multimita ya dijitali na mashine ya kusoma kodi (misimbo ya hitilafu) inayoonyesha data hai, yaani mzunguko wa injini, presha ya reli (bomba la dizeli yenye presha kubwa linalolisha nozeli) na volti. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani vinatosha kwa kusoma kodi, ila havitakusaidia kuandikisha nozeli baadaye. Taa ya kupimia yenye balbu iache kwenye droo. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko saketi za boksi zilivyoundwa kubeba, na wapo walioliua boksi zima kwa kulipima.

Betri na athi kwanza

Betri iliyolala ikiwa na chaji kamili husoma kama volti 12.6. Piga stata huku ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 10 na kuendelea kushuka, simama hapo hapo, chaji au badilisha betri, kisha anza upya. Boksi likipewa umeme hafifu huandika kodi za ajabu, hata P0606 inayodai kwamba kichakataji chake chenyewe ni kibovu. Kodi hiyo usiiamini mpaka uifute, urudishe umeme safi, na uone kama inajirudia.

Kisha athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye nguzo hasi kupitia injini na bodi. Wengi wanapima athi kwa kuangalia kama "inalia" kwenye mita, jambo ambalo halisaidii kitu. Uzi mmoja wa waya uliobaki utalia vizuri tu. Athi hupimwa ikiwa inafanya kazi. Waya mweusi wa mita uweke kwenye nguzo hasi ya betri, siyo kwenye kibano chake, na mwekundu kwenye chuma tupu cha injini. Mtu apige stata. Ukiona zaidi ya volti 0.2 hivi, athi ya injini ina upinzani. Rudia kwenye bodi. Halafu fuata athi za boksi lenyewe, ambazo kwenye michoro ya Toyota zimeandikwa E1, E01 na E02. Zimefungwa kwa bolti kwenye injini, na mtu akishafungua silinda hedi au manifodi, bolti hizo husahaulika au hufungwa juu ya rangi na gundi ya gasketi. Hapo ndipo gari linapotoka gereji kwa kazi ya gasketi na kurudi "limekufa kontroli boksi".

Fyuzi ziangalie kwa mita pande zote mbili, usiridhike na macho. Inayotuhusu zaidi ni ile ya EFI (baadhi ya dizeli huandikwa ECD) pamoja na ECU-IG. Rilei kuu ibadilishane na rilei nyingine inayofanana nayo ndani ya kisanduku hicho hicho. Ni jaribio la bure.

Taa ya injini haiwaki kabisa ukifungua swichi, na mashine haiongei na gari

Stata inazungusha vizuri, taa za dashibodi nyingine zote zipo, ila ile ya njano ya injini haionekani hata kidogo. Ukichomeka mashine, inazunguka weee, kisha inasema haioni boksi. Hii ndiyo dalili inayouza maboksi mengi kuliko zote, maana inaonekana kama ushahidi kamili: boksi halipumui.

Angalia kwanza soketi ya mashine isije ikawa yenyewe ndiyo mbovu. Pini ya 16 lazima iwe na volti za betri, ya 4 na ya 5 ziwe athi. Mawasiliano hupita pini ya 7, au ya 6 na ya 14, kutegemea toleo. Kama soketi ni nzima, fika kwenye boksi. Liko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Usichomoe kitu bado. Pima kwa nyuma ya soketi, ikiwa imechomekwa, kama umeme wa betri unaingia swichi ikiwa wazi. Usipoingia, rudi kwenye rilei kuu na waya wake. Boksi bado halina kosa.

Umeme unaingia na athi ni nzima? Sasa tunafika mahali ninapotaka kila fundi akae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Boksi hutengeneza volti 5 safi na kuzigawa kwa sensa kadhaa kupitia mstari mmoja unaoitwa VC: pedeli ya mafuta, presha ya turbo, presha ya reli, nafasi ya throtoli, na kwenye baadhi ya magari hata ya valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini). Mstari huo ukigusana na athi mahali popote, volti 5 zinaanguka, na kichakataji cha boksi ambacho kinategemea chanzo hicho hicho kinazimika. Taa ya injini haiwaki, mashine haiongei. Boksi ni zima kabisa, limekabwa tu na sensa moja iliyoingia maji.

Kulipima ni rahisi. Chomoa soketi ya sensa ya presha ya turbo, fungua swichi, na pima pini ya VC dhidi ya athi. Ikisoma 5 au karibu sana na hapo, mstari ni mzima. Ikisoma 0.1 au 0.3, acha mita imeshikilia hapo hapo na anza kuchomoa sensa nyingine moja moja. Chomoa ya reli, angalia mita. Bado. Chomoa pedeli, angalia. Bado. Chomoa ya throtoli, na namba inaruka ghafla kutoka 0.2 hadi 5.0, wakati huo huo taa ya injini inajitokeza kwenye dashibodi. Umempata mwizi, na thamani yake ni ndogo mno ukilinganisha na boksi.

Ukimaliza kuchomoa zote na bado ni sifuri, toa nguzo hasi ya betri, chomoa soketi za boksi, na pima upinzani wa waya wa VC kwenda athi. Ukikuta umegusana, tatizo liko kwenye mkanda wa waya. Fuata mahali unapopita karibu na bomba la moshi, chini ya bracketi za injini, na pale panya wanapopenda kulala. Gari lililoegeshwa shambani miezi miwili karibu kila mara lina alama za meno mahali fulani. Ukikuta waya uko huru, na ukirudisha soketi za boksi pekee huku sensa zote zikiwa nje bado hakuna volti 5, hapo boksi lina kesi ya kujibu.

Taa inawaka, mashine inasoma, injini inazunguka tu bila kushika

Hapa data hai ndiyo rafiki. Piga stata uangalie vitu viwili. Mzunguko wa injini unaonekana? Kama mashine inaonyesha sifuri huku injini inazunguka mbele ya macho yako, sensa ya krenki au waya wake (kodi P0335) ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Presha ya reli inapanda? Inapaswa kupita megapaskali 20 haraka. Isipopanda, tatizo ni la dizeli: hewa kwenye mabomba, filta, SCV (valvu inayodhibiti kiasi cha dizeli) juu ya pampu, au nozeli inayorudisha mafuta mengi.

Mzunguko upo, presha ipo, lakini hakuna hata moshi mweupe kwenye bomba. Nozeli hazifunguki. Kodi ya P0200 ikiwepo, elekeza macho kwenye EDU, kile kisanduku cha aluminiamu chenye mapezi ndani ya chumba cha injini. Katika mfumo huu wa kampuni ya Denso, boksi halifungui nozeli lenyewe. Hutuma ishara ndogo kwa EDU. EDU inapandisha volti na kuzirusha kwenye nozeli, kisha inarudisha ishara kwa boksi kuthibitisha kwamba kazi imefanyika. Ni kifaa tofauti, kina fyuzi na rilei yake, kina namba yake ya spea inayoanza na 89871, na kinakufa mara nyingi kuliko boksi kwa sababu kinaishi kwenye joto na matope. Volti zinazotoka humo ni nyingi za kukurusha. Usishike soketi za nozeli swichi ikiwa wazi, wala usizichomoe injini ikiwa inanguruma.

Utajuaje kama ni EDU au boksi? Hakikisha EDU inapata umeme na athi yake ni nzima. Pima nozeli zote nne. Upinzani wake ni mdogo sana, takriban ohmu moja au chini yake, na cha maana ni zote zilingane na hakuna inayogusa bodi yake. Waya wa nozeli uliochubuka unaweza kuwa ndio uliounguza EDU, na utaunguza na mpya siku hiyo hiyo. Halafu, kwa osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la ishara), angalia waya wa amri kutoka boksini. Amri zipo na uthibitisho haurudi: EDU. Amri hazipo ilhali krenki na kamu zinasomeka: boksi, au imobilaiza (kinga ya wizi inayosoma chipu ya ufunguo) imelifunga.

Inashika sekunde moja mbili, inazima

Kama taa ya usalama inawaka au inapepesa kwa namna isiyo ya kawaida, na mashine inatoa B2799, ni mvutano kati ya imobilaiza na boksi. Jaribu ufunguo wa akiba kwanza. Chipu ya ufunguo hupasuka ufunguo ukianguka, na kuna watu wameishi na ufunguo mmoja tangu wanunue gari.

Kama taa ya usalama haina neno, shuku hewa kwenye dizeli.

Inakata ikipata moto, inawaka ikipoa. Au inakosa nguvu mlimani

SCV ya pampu, tisa kati ya kumi, huo ni ukadiriaji wangu. Mngurumo unapanda na kushuka gari likiwa limesimama, linazima ukikanyaga breki kwenye taa, kodi ni P1229. Upinzani wa SCV katika injini hizi ni kati ya ohmu 1.9 na 2.3 ikiwa baridi, lakini hata ikisoma sawa inaweza kuwa inakwama ndani kwa uchafu wa dizeli. Badilisha pamoja na filta, uendeshe, ndipo ufikirie mambo makubwa.

Sensa ya krenki inayokufa kwa joto hutoa dalili inayokaribiana, ila hiyo hukata ghafla kama umezima swichi na mshale wa mzunguko huanguka papo hapo gari likiwa bado linatembea. Boksi lenye lehemu iliyopasuka nalo hufanya hivyo. Ukiligonga kidogo kwa mpini wa bisibisi na injini ikatetereka, umeelewa.

Kodi nyingi kwa mpigo

Sensa sita haziwezi kufa Jumanne moja. Rudi kwenye athi na volti 5.

Sasa boksi limepatikana na hatia

Toa nguzo hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 kwa ajili ya eabegi, vua droo, fungua boksi, lete mezani. Lifungue kifuniko. Unataka kujua limekufaje kabla hujatafuta jingine.

Kutu ya kijani kwenye pini maana yake ni maji, na maji hayo huingia kwa mpira wa kioo cha mbele, kwa mrija wa kiyoyozi ulioziba, au yalipigwa kwa presha na kijana wa kuosha injini. Alama nyeusi ya moto kwenye njia ya shaba au transista iliyotoboka ni shoti: fuata pini hiyo hadi mwisho wa waya wake, utakuta solenoidi au rilei iliyoungua. Sehemu nzima ya kuingilia umeme ikiwa imechomeka, muulize mwenye gari maswali mawili bila kumkasirisha. Je, kuna mtu alichomelea bodi bila kutoa betri? Je, siku betri ilipoisha, lori gani lilikuja kusaidia? Fuso ina volti 24. Dereva wa lori ana roho nzuri, anaunga nyaya, Hilux inawaka kwa kishindo, na wiki hiyo hiyo taa zinaanza kucheza.

Boksi lenye njia moja iliyoungua au transista moja iliyokufa hutengenezeka kwa mtu mwenye mkono mzuri wa lehemu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu data yote ya gari inabaki humo. Boksi lililooza kwa maji hadi tabaka za ndani za bodi liache.

Kutafuta jingine

Namba ya spea ya boksi la Toyota huanza na 89661. Sehemu inayofuata ndiyo inayotoa utambulisho: za Hilux hizi ni 0K, za familia ya Land Cruiser na Prado ni 60, za HiAce ni 26. Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, atakuambia, "Chukua hili la Prado, injini si ileile 1KD?" Injini ni ileile; boksi siyo. Mpangilio wa pini, turbo, EGR, gia na imobilaiza vinatofautiana, na hata ndani ya 0K namba zinazofuata ziwe zilezile, mpaka ya mwisho kabisa. Gia za manyuo kwa manyuo, otomatiki kwa otomatiki.

Jambo lingine wanaosaka mtumba hulisahau: Vigo haikuuzwa Japani. Toyota iliiondoa Hilux kwenye soko la kwao 2004 na kuirudisha 2017 ikiwa kizazi kingine. Kwa hiyo muuzaji akikuambia boksi la Vigo limetoka "Japani moja kwa moja", ama ni la Hilux Surf au Prado, ama hajui anachouza. La kweli hutoka kwenye gari la Thailand, Afrika Kusini, Uingereza au nchi za Ghuba. Kama gari lako lina imobilaiza, dai seti nzima: boksi, kisanduku cha imobilaiza kama kipo peke yake, na ufunguo wake. Au mpe fundi wa programu maboksi yote mawili ahamishe data ya zamani kwenda kwenye la mtumba; boksi la zamani likiwa bado linasomeka, hii ni nafuu kuliko kuhangaika na funguo.

Kufunga

Kabla ya kuchomeka, rudia vipimo vya athi na VC kwenye soketi tupu. Boksi "jipya" halitakiwi kugusa waya ambao hujaupima. Funga, rudisha betri, fungua swichi: taa ya injini lazima ionekane kabla hujapiga stata.

Kwa magari yenye kisanduku cha imobilaiza kilicho peke yake, boksi jipya hutambulishwa kwa kuunganisha pini ya 13 na ya 4 kwenye soketi ya mashine, swichi ikiwa wazi bila kuwasha injini, kwa dakika 30. Chaji betri kabla. Nusu saa ya swichi wazi inatosha kuangusha betri nzee katikati ya zoezi. Hesabu pini mara mbili, maana ya 16 iko karibu na ina umeme wa moja kwa moja.

Nozeli zenye mstari mrefu wa herufi na tarakimu juu ya kichwa chake lazima ziandikishwe kwa mashine ya kiwango cha kitaalamu, silinda kwa silinda, kisha pampu ifundishwe upya. Piga picha misimbo hiyo kabla ya kurudisha vifuniko. Ukiruka hatua hii gari litawaka, lakini litagonga, litatoa moshi na litakunywa dizeli, na mteja atarudi kusema boksi ulilomuuzia ni bovu.

Endesha kilomita kadhaa, ikiwemo mlima mmoja wa maana, kisha soma kodi tena injini ikiwa ya moto, pamoja na zile zinazosubiri kuthibitishwa. Pima alteneta: volti 13.8 hadi 14.5. Ikipanda hadi 15.5 ukikanyaga mafuta, regyuleta ndiye muuaji na bado yumo garini.

Boksi la zamani mrudishie mwenye gari likiwa kwenye mfuko mkavu, namba yake imeandikwa juu kwa kalamu. Data ya imobilaiza na ya nozeli imo humo, na siku funguo zote zikipotea, fundi wa programu ataliulizia kabla ya kuuliza kitu kingine.